Lubumbashi: Umeme unarudi na kuunguza frigo, hasara inabaki kwa mwenye nyumba

Saa mbili za usiku, katika barabara za komini ya Katuba, kelele za watoto ndizo zinatangaza kwamba umeme umerudi. Wanapiga makofi, wanaimba, wanakimbia kutoka kiwanja kimoja hadi kingine. Lakini ndani ya nyumba watu wakubwa hawapigi makofi. Wanakimbilia ukutani. Mmoja anachomoa televizio, mwingine anachomoa frigo, wa tatu anaangalia taa. Ikiwa nyeupe kupita kawaida, kila kitu kinazimwa. Ikiwa nyekundu kama makala inayokaribia kuzimika, kila kitu kinabaki kimezimwa vilevile. Anayechelewa kufika ukutani anaweza kusikia mlio mfupi, halafu harufu ya plastiki iliyoungua. Baada ya hapo, umeme upo, lakini chombo hakipo tena.

Hii ndiyo sura ya pili ya ukosefu wa umeme katika mji wa Lubumbashi, makao makuu ya jimbo la Haut-Katanga. Sura ya kwanza inajulikana: giza, mgao ambao wengi wanauita delestaji, siku mbili au tatu bila mwangaza katika baadhi ya mitaa. Sura ya pili inazungumziwa kidogo, ingawa inaingia moja kwa moja katika mfuko wa familia. Ni umeme unaokuja vibaya: dhaifu mno, au mkali mno, au unaokatika na kurudi mara tano ndani ya saa moja. Umeme wa namna hiyo unaua frigo, kongelateri, televizio, pampu za maji na chaja za simu. Na mara nyingi sana, anayelipa ni mwenye nyumba peke yake.

Mtaji ndani ya kongelateri

Kwa familia nyingi za Katuba, Kenya, Kampemba au Ruashi, frigo si kitu cha starehe, ni kitu cha kazi. Mama anauza maji ya baridi, juisi ya sachet, samaki wa barafu au mapaja ya kuku mlangoni pa nyumba yake. Ameinunua kongelateri kwa pesa za likelemba, baada ya kungoja zamu yake miezi mingi. Ndani yake kuna katoni moja au mbili za samaki. Hapo ndipo mtaji wake wote unapolala, na hapo ndipo minervali ya watoto inapotoka.

Siku motere ya kongelateri inapoungua, hasara inakuja mara tatu. Kwanza kuna chombo chenyewe. Pili kuna samaki wanaoanza kulainika, ambao lazima wauzwe upesi kwa bei ya hasara, au wagawiwe kwa majirani kabla hawajaharibika. Tatu kuna siku za kazi zinazopotea wakati chombo kiko kwa fundi. Hasara hiyo ya tatu haiandikwi popote, lakini ndiyo inayomfanya mama akose zamu ya kuchangia likelemba na kuanza kudaiwa na wenzake.

Kwa familia yenye mgonjwa wa kisukari, frigo ina kazi nyingine tena. Insulini ambayo haijafunguliwa inapaswa kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kituo kidogo cha afya chenye frigo moja na bila paneli ya jua kina wasiwasi uleule kwa chanjo zake. Chombo kinachokufa usiku kinaweza kwenda na dawa ambazo haziwezi kununuliwa tena kesho yake.

Kwa nini chombo kinaungua

Katika Congo, umeme wa nyumbani unapaswa kuwa wa volti 220. Vyombo vingi vinavumilia kupanda au kushuka kwa kadiri ya asilimia 10, yaani kati ya volti 198 na 242 hivi. Nje ya mipaka hiyo, kila chombo kinaumia kwa namna yake.

Watu wengi wanaogopa umeme mkali tu, lakini kwa frigo umeme dhaifu ni hatari vilevile. Motere yake, ile mafundi wanaita kompresa, inahitaji nguvu kubwa wakati wa kuanza, mara nyingi zaidi ya ile inayotumia ikiwa tayari inazunguka. Volti zikishuka hadi 150 au 160, kama inavyotokea mwisho wa laini ndefu wakati wa jioni, motere inajaribu kuanza na kushindwa. Inanguruma bila kuzunguka. Ndani ya sekunde hizo inavuta umeme mwingi na kupata joto kali. Kifaa cha ulinzi kinaikata, kinapoa, kinaijaribu tena. Mwenye nyumba anasikia mlio mdogo, "taa", kila baada ya dakika chache. Mchezo huo ukiendelea usiku mzima, nyaya nyembamba zilizozungushwa ndani ya motere zinapoteza rangi inayozilinda, zinagusana, na motere inakufa. Asubuhi familia inasema frigo imeharibika yenyewe, kumbe imekuwa ikifa tangu jioni.

Kukatika na kurudi upesi ni sababu nyingine. Frigo inapozimika, gesi ndani ya mabomba yake inabaki na shinikizo kubwa upande mmoja. Inahitaji dakika tatu hadi tano ili shinikizo lilingane. Umeme ukirudi baada ya sekunde kumi, motere inalazimishwa kuanza ikiwa bado imebanwa. Ni kama kumwambia mtu asimame na gunia la mahindi begani kabla hajavuta pumzi.

Kisha kuna umeme mkali. Mara nyingi haushuki kutoka bwawani, unazaliwa mtaani. Kabini ya mtaa inagawa umeme kwa nyaya tatu zenye moto na waya mmoja wa nyutro, ule ambao fundi akiugusa kwa kipima-umeme haukiwashi. Kati ya waya wenye moto na nyutro kuna volti 220. Kati ya nyaya mbili zenye moto kuna volti 380. Nyutro ndiyo inayoshika usawa wa nyumba zote. Ikikatika kwa upepo, ikilegea kwa kutu, au ikiibiwa na wezi wa shaba, usawa unapotea. Nyumba zinazotumia umeme mwingi zinabaki na volti chache, na nyumba zinazotumia kidogo zinapokea volti nyingi, hata kukaribia 380. Ndiyo maana katika barabara moja, usiku mmoja, nyumba ya kulia inalalamika kwamba taa ni nyekundu, na nyumba ya kushoto inalia kwa televizio iliyopasuka.

Radi nayo inaongeza yake. Katika msimu wa mvua, kuanzia mwezi wa kumi hadi wa nne hivi, radi ikipiga karibu na laini inaweza kutuma mshtuko mkali hadi ndani ya nyumba, hata kama umeme wenyewe umekatika tayari.

Resho, makala na kabini iliyolemewa

Lakini sehemu ya tatizo iko pia jikoni. Kabini nyingi zimewekwa kwa ajili ya idadi fulani ya nyumba. Mji umekua, viwanja vimegawanywa, nyumba za kupanga zimejengwa uani, na transfo imebaki ileile. Juu ya hiyo wameongezeka wale wanaojiunganisha kwa siri, usiku, kwa waya mwembamba uliofungwa kwa mkono kwenye laini ya jirani.

Resho moja ya kupikia bukari inaweza kutumia wati 1000 hadi 2000. Frigo ya kawaida ya nyumbani, ikiwa inazunguka, inatumia wati 100 hadi 200 tu. Maana yake, resho moja inaweza kuvuta umeme wa frigo kumi. Ikifika saa moja za jioni, nyumba mia moja zikiwasha resho pamoja, volti zinashuka kwa kila mtu, na transfo inachemka. Mafuta yake yanapata joto, na siku moja inalipuka. Hapo mtaa mzima unaingia gizani kwa majuma au miezi.

Kuwaambia watu waache resho si rahisi. Njia nyingine ni makala, na bei ya makala inapanda kila mvua inapoharibu njia za kuingia mjini. Makala hiyo inatoka katika misitu ya miombo inayozunguka Lubumbashi, ambayo inazidi kurudi nyuma mwaka kwa mwaka. Mama anayechagua kati ya resho na makala anachagua kati ya kulemea kabini na kukata mti. Siku ambayo umeme haupo kabisa, hana hata uchaguzi huo.

Wakati transfo imeungua, jambo linalojulikana katika miji mingi ya Congo linaanza: wakaaji wanaitwa kwenye mkutano, kila kiwanja kinaombwa kiasi fulani, na pesa zinakusanywa ili kununua nyaya, mafuta au hata transfo nzima. Anayekosa kuchangia anatishiwa kutounganishwa. Hivyo familia inalipa fakture ya umeme, inalipa mchango wa kabini, na inalipa fundi wa frigo. Mara tatu kwa umeme mmoja.

Nchi yenye Inga, jimbo lenye mabwawa

Hasira ya wakaaji inaongezwa na jambo moja: Katanga ya zamani si jimbo lisilo na mabwawa. Mwadingusha, kwenye mto Lufira, lilianza kutoa umeme mwaka 1930. Nzilo na Nseke, kwenye mto Lualaba, yalifuata katika miaka ya 1950. Yote yalijengwa kwanza kwa ajili ya shaba, na nyumba za watu zilipata kile kilichobaki.

Baada ya uhuru ilikuja Inga, magharibi mwa nchi. Inga I, yenye megawati 351, ilizinduliwa mwaka 1972. Inga II, yenye megawati 1424, ilifuata mwaka 1982. Laini ya karibu kilomita 1700 ikavutwa kutoka Inga hadi Kolwezi ili kulisha migodi. Ilipita juu ya vijiji vingi ambavyo hadi leo vinaona nyaya zikipita bila kuwa na taa hata moja. Kwa nchi nzima, ni karibu mtu mmoja kati ya watano anayepata umeme.

Tangu uchimbaji wa shaba na kobalti uliposhika kasi tena baada ya miaka ya 2000, mahitaji ya migodi yamepanda kuliko uwezo wa mitambo. Makampuni ya madini yanaagiza umeme kutoka Zambia na nchi nyingine za kusini, na baadhi yamechangia kukarabati mabwawa ya zamani. Mwadingusha, kwa mfano, ilirudishwa kwenye mtandao mwaka 2021 baada ya ukarabati uliofanywa na SNEL pamoja na mshirika kutoka sekta ya madini. Bwawa jipya la Busanga, lenye megawati 240 kwenye mto Lualaba, nalo lilijengwa kwa sababu ya mgodi.

Lakini hata bwawa likijaa, umeme bado unapaswa kupita katika laini, kabini na nyaya za mtaa. Hapo ndipo pesa zimewekwa kidogo zaidi. Mgodi una kituo chake, ulinzi wake na mafundi wake. Barabara ya Katuba ina kabini moja, na waya wa nyutro ambao mwizi anaweza kuukata kwa dakika kumi.

Nani atalipa?

Kwenye karatasi, raia hana mikono mitupu. Kifungu cha 48 cha Katiba ya mwaka 2006 kinahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa na nishati ya umeme. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua sekta ya umeme kwa makampuni mengine, baada ya miaka mingi ya SNEL, iliyoundwa mwaka 1970, kuwa karibu peke yake. Sheria hiyo ilileta pia mamlaka ya kusimamia sekta, ARE, ambayo moja ya kazi zake ni kulinda watumiaji.

Kuna pia sheria ya zamani zaidi, ambayo mawakili wanaijua kwa moyo. Kifungu cha 258 cha Code civil, kitabu cha tatu, kinasema kwa maana hii: yeyote anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake analazimika kuirekebisha. Kifungu cha 260 kinaongeza kwamba mtu anajibu pia kwa hasara inayoletwa na vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Laini ya umeme ni kitu, na ina mlinzi.

Ugumu uko katika kuthibitisha. Anayedai lazima aonyeshe mambo matatu: kosa, hasara, na uzi unaounganisha hayo mawili. Frigo iliyoungua ni hasara inayoonekana. Lakini nani atathibitisha kwamba saa mbili na dakika kumi za usiku volti zilikuwa 300? Nani atathibitisha kwamba haikuwa radi, au waya mbovu ndani ya nyumba, au stabilizateri ya bei rahisi? Mtu mmoja akienda na maneno matupu, mara nyingi anarudi na maneno matupu. Kumlipa wakili kunaweza kugharimu kuliko frigo yenyewe, na wengi wanaacha.

Mambo yanabadilika pale mtaa unapokwenda pamoja. Nyumba kumi na tano zikipoteza vyombo usiku mmoja, saa ileile, kwenye laini ileile, ni vigumu kusema kwamba zote kumi na tano zina waya mbovu. Ndiyo sababu inafaa kuandika mapema. Tarehe na saa ziandikwe usiku uleule. Picha ya kipimo cha volti kwenye stabilizateri ipigwe kwa simu, kama kinaonekana. Fundi aombwe karatasi yenye saini, inayosema ni sehemu gani imeungua na kwa sababu gani. Sehemu iliyoungua isitupwe. Barua moja ya pamoja, yenye majina na namba za fakture, ipelekwe kwa msambazaji wa umeme, na nakala ya mtaa igongwe muhuri wa kupokelewa. Nakala nyingine iende kwa mkuu wa mtaa na kwa komini. Barua isiyo na muhuri ni kama haikuandikwa.

Karatasi hizo haziahidi kwamba frigo italipwa. Lakini zinaacha alama, na mara nyingi ndizo zinazofanya waya wa nyutro utengenezwe kabla haujaunguza nyumba nyingine.

Kinga iliyo mkononi

Wakati wa kungoja, kila nyumba inajilinda inavyoweza. Soko la Lubumbashi limejaa stabilizateri za kila aina. Kabla ya kununua, mambo matatu yanastahili kuangaliwa. Kwanza, nguvu yake: stabilizateri lazima ibebe nguvu ya frigo wakati wa kuanza, si wakati wa kuzunguka tu, na namba iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni kubwa kuliko ukweli. Pili, iwe na kichelewesho, yaani ingoje dakika tatu hadi tano kabla ya kuruhusu umeme uingie. Tatu, iwe na uwezo wa kukata kabisa volti zinapopita mipaka. Ile inayoinua volti tu, bila kukata, inaweza kugeuka hatari siku nyutro inapokatika. Kwa asiye na pesa za stabilizateri, kuna kifaa kidogo cha kuchomeka ukutani, kinachokata umeme mbaya na kungoja kabla ya kuurudisha. Hakiongezi volti, lakini kinaokoa motere.

Kwa asiye na kifaa chochote, kinga ni kuchomoa. Umeme ukikatika, frigo na televizio zichomolewe mara moja. Umeme ukirudi, taa moja iwashwe kwanza, na ingojewe dakika tano. Radi ikianza kunguruma, kila kitu kichomolewe, pamoja na waya wa antena.

Na chakula? Mlango ukibaki umefungwa, frigo inashika baridi kwa karibu saa nne. Kongelateri iliyojaa inaweza kushika hadi saa 48, na iliyojaa nusu karibu saa 24. Chupa za maji zilizoganda zikijaza nafasi tupu zinasaidia. Lakini samaki aliyelainika kabisa na kupata joto hapaswi kugandishwa tena na kuuzwa, hata kama hasara inauma. Mtoto wa mteja anaweza kulipa kwa tumbo lake.

Kinga hizi zina thamani, lakini zina mipaka. Haziwezi kurudisha waya ulioibiwa, wala kuongeza transfo ya pili katika mtaa ambao watu wake wameongezeka mara tatu. Kadiri kila nyumba inavyonunua stabilizateri yake, ndivyo gharama ya laini mbovu inavyohamishwa kutoka kwa anayeuza umeme kwenda kwa anayeununua.

Saa tatu za usiku, Katuba. Umeme umekaa saa moja bila kukatika. Taa haiko nyekundu wala nyeupe kupita kiasi. Mama anamtuma kijana wake aangalie kwa jirani kama kule pia ni sawa. Kijana anarudi na kusema ni sawa. Mama anangoja dakika tano zaidi, anachomeka kongelateri, na kuweka mkono juu ya mfuniko wake. Motere inatetemeka, inashika. Hapo ndipo anakaa. Hatalala bado: kama umeme ukikatika tena usiku huu, lazima mtu awe macho wa kuchomoa.